Barua ya wazi kwa wabunge wa kamati za biashara: lile jibu la maandishi liko wapi?

Waheshimiwa,

Hamjambo, na poleni kwa kazi. Nawaandikia kutoka Kamukunji, Nairobi, kwenye mabanda ya mafundi wa jua kali, mahali ambapo mgeni husikia nyundo kabla hajaona mtu. Hapa naitwa Mama Sanduku. Banda nililirithi kwa baba, na kazi yenyewe ni ya mabati: masanduku ya wanafunzi, majiko, karai, vikaango vya chipo. Kwa ile sheria ya biashara ndogo ya mwaka 2012, mimi ni ndogo kabisa: wafanyakazi wangu hawafiki 10 na mauzo yangu hayafiki shilingi 500,000 kwa mwaka. Tuko wengi. Uchunguzi wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, wa mwaka 2016 ulikadiria biashara ndogo na za wastani milioni 7.4 nchini, na milioni 5.85 kati ya hizo hazikuwa na leseni.

Ninaowaandikia ni nyinyi mnaoketi katika kamati za Bunge zinazosimamia wizara na idara za biashara, viwanda, ushirika na biashara ndogo. Nina swali moja. Nitalizunguka kidogo kabla ya kulifikia, maana kwetu mtu hadai deni akiwa bado mlangoni.

Miaka michache iliyopita nilisajili biashara yangu katika mpango wa AGPO, ule unaotenga asilimia 30 ya tenda za serikali kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nikapata LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, ya masanduku 84 ya kuhifadhia vifaa, kutoka ofisi moja ya serikali. Sitaitaja, kwa sababu mafundi jirani zangu wana hadithi iyo hiyo na ofisi zao ni nyingine. Bei ilikuwa shilingi 3,500 kila sanduku, jumla 294,000. Kwangu hiyo ni zaidi ya nusu ya mauzo ya mwaka. Mabati nikachukua kwa mkopo, rangi nikanunua kwa pesa za chama chetu cha akiba, vijana wawili nikawaongeza. Masanduku yakapelekwa, yakahesabiwa, mtu akatia sahihi na muhuri.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kujifunza lugha mpya. Faili iko kwa mhasibu. Vocha imekwama kwenye mfumo. Hazina haijatoa pesa. Mwaka wa fedha umefungwa, subiri ufunguliwe. Aliyekuwa akishughulikia amehamishwa. Mwezi wa 14 nikatumiwa 200,000, bila barua wala maelezo. Zilizobaki, 94,000, ziko kwenye daftari langu la madeni, ukurasa wa 41, kati ya mwalimu mmoja anayedaiwa bei ya jiko na kinyozi ambaye siku hizi akiniona anavuka barabara.

Baadaye kijana anayenisaidia bandani, ambaye ana subira ya kusoma vitu virefu kwenye simu, alinionyesha kifungu cha 140 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Kinasema ofisi ya serikali ikichelewesha malipo italipa riba, isipokuwa mkataba useme vingine. Nilikipeleka kwa karani wa malipo. Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni.

Najua mimi si wa kwanza. Mwaka 2023 serikali iliunda kamati chini ya Edward Ouko, aliyewahi kuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ihakiki madeni ya wauzaji kuanzia mwaka 2005 hadi 2022. Fikirini hiyo 2005. Mtu alipeleka mzigo wakati mtoto wake anaanza darasa la kwanza, na deni likaja kuanza kuhakikiwa wakati mtoto huyo ana umri wa kuoa.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike.

Siku moja mchana tulikuwa kwa mama wa chai, mafundi kama saba hivi. Yule kijana akaweka simu juu ya sanduku lililopinduliwa, tukatazama kikao cha kamati fulani kikirushwa mubashara. Waziri alikuwapo, nyuma yake maafisa wamekumbatia mafaili. Ilipita nusu saa ya sala, utambulisho na shukrani. Mheshimiwa wa kwanza alimshukuru Waziri kwa kuzuru eneo lake. Wa pili aliuliza soko la kwao litamalizika lini. Wa tatu hakuuliza, alihutubia, na alihutubia vizuri kweli; mzee mmoja pale kwetu alipiga makofi kabla ya kugundua kwamba hakuna kilichoulizwa.

Halafu mbunge mmoja mama, mwenye sauti ya chini, akauliza hivi: kati ya wafanyabiashara wadogo walioiuzia idara yako mwaka wa fedha uliopita, ni wangapi wameshalipwa, na kwa wastani walingoja siku ngapi?

Hata mkaanga mandazi aliacha kugeuza. Kwa mara ya kwanza tangu niwe na akili zangu nilisikia swali langu likisomwa na mtu aliyevaa beji ya Bunge. Waziri akageuka nyuma, akanong'onezwa, akarudi kwenye maikrofoni. Akasema: "Mwenyekiti, hilo ni swali zuri sana. Nitawasilisha jibu kwa maandishi." Mwenyekiti akasema sawa, swali linalofuata.

Mzee yule wa makofi akaweka kikombe chini. "Hilo swali sasa limekuwa kama sisi," akasema. "Limeshapeleka mzigo, linangoja malipo."

Waheshimiwa, lile jibu la maandishi liko wapi? Kijana wangu amelitafuta hadi amechoka. Ripoti zipo, na baadhi ni nene. Hotuba ya ufunguzi ya Waziri imo, orodha ya waliohudhuria imo, picha ya pamoja imo. Namba niliyoisubiri haimo. Na tangu siku ile nimekuwa nikihesabu kila ninapotazama vikao, vya kamati hii na ile, jinsi maneno "kwa maandishi" yanavyotumika. Katika biashara yangu, mteja akisema "nitakupigia" huku akiwa hajaomba namba yako, unajua.

Si kwamba Katiba iliwatuma mikono mitupu. Kifungu cha 125 kinazipa kamati zenu nguvu za Mahakama Kuu za kumwita mtu yeyote, kumwapisha na kumlazimisha alete hati. Kifungu cha 153 kinamtaka waziri aje kamati inapomhitaji na ajibu. Tangu 2023 mawaziri wanajibu maswali hata ukumbini. Kifungu cha 229 kimepanga hadi tarehe: Mkaguzi Mkuu ana miezi sita baada ya Juni 30 kutoa ripoti, na Bunge lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Kwa hesabu ya fundi, kufikia mwisho wa Machi mazungumzo yanafaa yawe yamekwisha. Badala yake mara nyingi tunawasikia mkichambua vitabu vya miaka ya nyuma, mbele ya katibu ambaye wakati huo alikuwa wizara nyingine na anajibu kwa niaba ya mtu aliyekwisha kustaafu.

Hata ufuatiliaji mmeuandika wenyewe. Kanuni zenu za Kudumu zinampa waziri siku 60 baada ya Bunge kupitisha azimio, au kuikubali ripoti ya kamati, alete taarifa ya alichotekeleza. Mna Kamati ya Utekelezaji nzima kwa kazi hiyo. Lakini tazameni panapovuja. Ahadi iliyotolewa kikaoni kwa mdomo si azimio, wala si ripoti iliyokubaliwa. Hizo siku 60 haziigusi. Inabaki kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za yanayosemwa Bungeni, na Hansadi haimpigii mtu simu. Waziri mwerevu ameshalijua tundu hilo, na ndipo anapopitia kila mara, huku amewashukuru kwa swali zuri.

Kuna wakati hata ripoti yenyewe haivuki. Mnakumbuka sukari ya 2018. Ya kilimo na ya biashara, kamati mbili ziliungana kuchunguza sukari ya magendo, zikaita mashahidi, zikaandika. Agosti ripoti ikafika ukumbini, na wabunge wakaitupa. Baada ya hapo wabunge wenyewe wakaanza kusema kwamba wenzao walipewa pesa ndani ya majengo ya Bunge, na vyoo vikatajwa. Mimi sikuwapo chooni, siwezi kusema nani alipokea nini. Ninachojua ni kwamba sukari yenyewe tulikuwa tunaitia kwenye chai wakati wote huo, na ripoti ilipoanguka, ahadi na majibu yote yaliyotolewa ndani yake yalianguka nayo. Laiti kila ahadi ingekuwa imeandikwa mahali pake pekee, kura moja isingeyazika yote.

Niwape mfano wa mbali, kwa sababu wa karibu huwa unaonekana ni siasa. Uingereza kuna kamati ya Bunge inayosimamia idara ya biashara, na Posta yao, ambayo ni mali ya serikali, iko chini ya idara hiyo. Vituo vingi vidogo vya Posta kule vinaendeshwa na watu wa aina yangu: mtu ana duka, na kwenye kona ya duka ana dirisha la Posta. Ukaletwa mfumo wa kompyuta unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha pesa zimepungua ilhali hazijapungua. Mwenye duka akiambiwa alipe pengo, analipa kutoka mfukoni. Akishindwa, anashtakiwa kwa wizi. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wapo waliokufa majina yao yakiwa bado ya wezi.

Sehemu inayonihusu ni hii. Februari 2015 kamati ile ya biashara iliita pande zote mbili. Mkuu wa Posta alikuwapo, na Alan Bates, aliyewahi kuwa mwenye duka la namna hiyo na aliyekuwa akiwaongoza wenzake, alikuwapo pia. Maswali ya maana yaliulizwa. Kisha mwezi Mei ukaja uchaguzi mkuu, wabunge wakarudi makwao kuomba kura, na jambo likakosa mwenyewe. Ilibidi wenye maduka waende kortini kwa gharama zao. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikasema mfumo ulikuwa na kasoro. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ikafuta hatia za watu 39. Kamati ilipowaita wakuu wa Posta na Fujitsu Januari 2024, mkuu wa Fujitsu upande wa Ulaya akaomba msamaha na kukiri kwamba kampuni ina wajibu wa kimaadili wa kuchangia fidia, na Mei mwaka huo ikatungwa sheria ya kufuta hatia kwa pamoja. Miaka tisa kutoka kikao hadi kikao.

Kwa hiyo sisemi kwamba wenzetu wa London wana dawa. Walilala kama mnavyolala. Lakini walipoamka 2024, kamati ile haikuishia kwenye ule msamaha uliotangazwa kwenye televisheni. Iliendelea kuwaita maafisa na kudai hesabu: fungu la fidia ni kiasi gani, limelipwa kiasi gani, waliobaki ni wangapi. Na ikapendekeza kila hatua ya malipo iwekewe muda kwa nguvu ya sheria. Hapo ndipo niliwaona wanafanya kazi ninayoifahamu, kazi ya mtu mwenye daftari.

Na daftari ndilo ninalowaomba. Langu lina safu sita, na halijanigharimu zaidi ya bei ya kalamu: tarehe, jina, alichochukua, siku aliyosema atalipa, alicholipa, baki. Kila kamati iwe na lake. Waziri akisema "kwa maandishi", mwenyekiti asiseme sawa, aseme "lini?", na karani aandike siku hiyo hapo hapo, mbele ya kamera. Kikao kinachofuata, sala ikiisha na kabla ya shukrani kuanza, karani asome baki. Liwekwe wazi pia mtu yeyote alisome. Siku ikipita bila jibu, mna Kifungu cha 125, kitumieni kwa hilo hilo dogo, maana nimeona mnapenda kukiweka akiba kwa ajili ya kashfa kubwa.

Bunge likivunjwa kwa uchaguzi, daftari lisivunjwe. Wanaokuja waanze ukurasa ule ule.

Jingine ni la nani mnamuuliza. Waziri hakai na vitabu vya malipo. Kwa sheria zetu za fedha, anayewajibika kwa matumizi ni Katibu wa idara, na nyuma ya Katibu kuna mhasibu anayejua vocha yangu imelala droo gani. Nimeona Katibu akiketi saa tatu nzima bila kuulizwa lolote, kwa kuwa Waziri ndiye anayetafutwa na magazeti. Na kabla ya wao kuingia, waiteni waliouzia serikali. Saa moja tu. Mkishasikia wauzaji kumi wa kweli, Waziri hatawapa hadithi ya mfumo.

Tena ulizeni namba ndogo. Namba kubwa ni rahisi kujibu. Mfuko wa Hasla, ule wa serikali wa mikopo midogo, ulizinduliwa Novemba 2022, na kila ukitajwa tunaambiwa mabilioni yaliyotolewa na mamilioni ya waliokopa. Muulizeni hivi: mtu aliyeanza na shilingi 500, ambacho ndicho kiwango cha chini, akalipa kila mara kwa wakati, leo anaweza kukopa kiasi gani? Je, kinatosha bati la sanduku moja na rangi yake? Mimi niliukopa, sina aibu. Muda wa kulipa ni siku 14. Yaani serikali ikinikopesha inanipa siku 14, na mimi nikiikopesha, maana kupeleka mzigo bila kulipwa ni kukopesha, inachukua miezi 14 na bado baki.

Muswada wa kulazimisha malipo kwa wakati umewahi kufikishwa Bungeni. Siuelezi zaidi, nyinyi mnajua ulipolala kuliko mimi.

Najua kwa nini swali kali ni gumu kwenu. Waziri yule yule mnayefaa kumbana leo ndiye mtakayemwendea kesho kwa ajili ya soko, ghala la ushirika au umeme wa viwandani huko kwenu. Na mnajua ya Juni 2020, wenyeviti wa kamati walivyong'olewa kwa sababu ya ugomvi ndani ya chama tawala. Uingereza, tangu 2010, wenyeviti wengi wa kamati huchaguliwa na wabunge wote kwa kura ya siri, kwa hiyo kiongozi wa chama hawezi kumng'oa mtu kwa simu moja. Hilo mnaweza kulibadilisha katika Kanuni zenu bila kumuuliza mtu nje ya jengo. La soko ni jepesi zaidi: mwandikieni Waziri barua, au mnywe naye chai. Zile dakika za kamati si zenu, ni za mkaanga mandazi aliyeacha kugeuza.

Mafundi wa mstari wetu tumeandika ombi rasmi kwa Bunge kwa kutumia Kifungu cha 119 cha Katiba. Kijana wangu ndiye mwandishi, na sahihi zimefika 31, bila kuhesabu alama ya kidole ya mzee wa makofi, ambaye hakusoma ila anajua anachodai. Ombi lina jambo moja tu, hilo la daftari. Likipangiwa kikao, nijulisheni kupitia karani. Nitakuja kwa miguu, ni mwendo wa nusu saa tu kutoka hapa, na nitakuja na langu muone safu zilivyochorwa. Ila isiwe wiki ya kufungua shule. Wiki hiyo siwezi kutoka bandani.

Mama Sanduku
Kamukunji, Nairobi